Barua zilizokuwa zikitoka jioni tu

Malalamiko yalinifikia kwa sentensi moja: simu zinapokea barua pepe, hazitumi. Aliyenipigia ni bosi wa ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Tanga. Wako watu tisa, ofisi iko Ngamiani kwenye moja ya zile barabara zetu za namba, na kazi yao nusu iko mezani, nusu iko getini bandarini au kule Horohoro mpakani. Walio mezani hawana shida. Walio nje wanaandika, wanabonyeza kutuma, barua inakaa palepale. "Nimewabadilishia laini mara mbili, na bando nimewanunulia kubwa," bosi akaniambia. "Sijui mtandao wa Tanga tumeukosea nini, fundi."

Hasara ilikuwa imeshaingia. Wiki moja kabla, kijana wao wa getini aliandika barua saa nne asubuhi kumwomba wakala wa meli hati ya kutolea kontena, ile wanayoiita D.O. Barua ikamfikia wakala saa kumi na moja jioni, watu wameshafunga ofisi. Kontena likalala bandarini siku ya ziada, mteja akagoma kulipia usiku ule, na kijana akaitwa mzembe mbele ya wenzake.

Kabla sijashika simu ya mtu, nilitaka kujua jambo moja. Barua iliyokwama saa nne, jioni ilitokaje? Hakuna aliyeigusa. Nilipouliza, dada wa nyaraka akanijibu kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi: "Zinatoka zenyewe tukisharudi ofisini."

Bosi alikuwa na jibu hilo muda wote, ila alilihesabu kama sehemu ya usumbufu, hakuliona kuwa ndiyo dalili yenyewe. Nikafungua kumbukumbu za seva. Hapa kuna saa tatu za kupatanisha: seva yao ya kukodi iko Ujerumani na inaandika kwa saa ya UTC (saa ya kimataifa, nyuma ya yetu kwa saa tatu), simu inaandika saa ya Afrika Mashariki, na mwenye simu anahesabu kwa Kiswahili. Kwa hiyo 14:07 ya seva ni 17:07 ya simu, na ni saa kumi na moja na dakika saba ya dada wa nyaraka. Nikishazipanga hivyo, picha ikajitokeza. Kila siku ya kazi, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na moja na nusu jioni, barua za simu zilikuwa zikimiminika kwa mkupuo, zote kutoka anwani moja ya intaneti: anwani ya ofisi. Mchana kutwa hakuna hata moja kutoka bando.

Niweke sawa jambo ambalo wengi hulichanganya. Kupokea na kutuma barua pepe ni safari mbili zenye milango tofauti, na kila mlango wa seva una namba yake. Kupokea ni kama kwenda posta kufungua sanduku lako: una ufunguo, unachukua kilicho chako. Kwao hilo lilipita kwenye mlango 993 wa IMAP (itifaki, yaani kanuni, ya kupokelea), kwa jina na nenosiri, na lilifanya kazi popote. Kutuma ni kumkabidhi mtu barua aipeleke kwa watu wengine kwa jina lako, na mtu huyo lazima akujue kwanza, vinginevyo kila tapeli atamgeuza tarishi wake. Itifaki ya kutuma, SMTP, ilipoandikwa mwaka 1982 haikuwa na nenosiri kabisa. Mlango 587 ulitengwa kwa ajili ya watumaji mwaka 1998, na utaratibu wa kujitambulisha kwa nenosiri ukaja mwaka uliofuata. Ule mlango wa zamani, 25, ulibaki kwa ajili ya seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe.

Sasa nikaomba simu ya yule kijana. Kwenye mipangilio ya barua zinazotoka: jina la seva sahihi, mlango 25, usalama "hakuna", na kisanduku cha kutaka nenosiri hakina tiki. Simu ya pili hivyo hivyo. Zote hivyo hivyo. Kwenye seva, faili la Postfix (programu ya seva inayopeleka barua) lilikuwa na mstari wa mynetworks, yaani orodha ya anwani zinazoaminiwa bila kuulizwa kitu, na ndani yake imekaa anwani ya ofisi. Fundi aliyenitangulia alizipanga simu zote siku moja, ndani ya ofisi, kwenye waifai ya ofisi. Akajaribu, barua zikaenda, akaaga.

Kwa hiyo, kwenye kutuma, hakuna simu hata moja iliyowahi kujitambulisha kwa seva ile. Seva ilikuwa kama mlinzi anayemruhusu kila aliyepita geti la mbele bila kumtazama usoni. Kila jaribio lililofanywa ofisini lilipima anwani ya ofisi, halikupima simu. Na kwa kuwa wateja wanaosubiri mizigo hupewa waifai ileile, laputopu yoyote yenye kirusi ingeweza kurusha barua taka kwa jina la kampuni na seva ikazipitisha kwa heshima zote. Halikutokea. Bahati tu.

Nikazima waifai, nikatoka nje, nikakaa kwenye baraza ya duka la jirani nikiwa na Termux (programu ya kuandikia amri) kwenye simu yangu na laini mbili za mitandao tofauti. Laini ya kwanza, nikigonga mlango 25, kimya. Sikukataliwa, sikujibiwa, muda ukaisha. Mitandao mingi huufunga mlango huo kwa wateja wa kawaida ili vifaa vyenye virusi visitapike barua taka duniani. Laini ya pili ikapita: seva ikanisalimu, ikapokea jina la mtumaji, nikafika kwenye jina la mpokeaji wa nje, nikajibiwa 454 4.7.1, hairuhusiwi kupitisha. Angalia tarakimu ya kwanza. Jibu linaloanza na 4 maana yake ni "kwa sasa hapana, jaribu baadaye". Linaloanza na 5 ni "hapana" basi. Simu ilikuwa mtiifu. Ilihifadhi barua, ikajaribu na kujaribu mchana kutwa, mpaka mwenyewe alipoingia kwenye waifai ya ofisi na seva ikakubali.

Laini mbili, sababu mbili, na kwa mtumiaji sura ni moja: kiduara kinazunguka. Ndiyo maana kubadilisha laini hakukumfundisha bosi chochote.

Hapo nikafanya kosa la lugha. Nikarudi ndani nikasema, "Bosi, tatizo la kwanza, poti ishirini na tano imefungwa." Akasimama. "Imefungwa tangu saa ngapi? Vijana wangu wako huko sasa hivi!" Ilibidi nieleze kwamba bandari iko salama na meli zinaendelea kushusha. Tangu siku hiyo ofisini kwao nasema mlango.

Dawa ya msingi haina ubishi: simu zijitambulishe kwa nenosiri, ndani ya njia iliyosimbwa (wa njiani hawezi kuisoma), kwenye mlango wa watumaji. Kwenye faili la master.cf la Postfix mistari ya 587 na 465 ilikuwepo ila imefungiwa alama ya reli (#) inayoifanya isisomwe, haijawahi kuamshwa. Nikaiamsha yote miwili, nikadai usimbaji, nikaiunganisha na Dovecot (programu ya seva ya kupokelea barua) ili majina na maneno ya siri yawe yaleyale ya kupokelea, nikafungua milango hiyo kwenye ngome ya seva.

Kwa simu nachagua 465. Kwenye 587 mazungumzo huanza wazi, halafu simu huomba kuhamia kwenye usimbaji, na zipo programu zenye chaguo la "tumia ikiwezekana", ambalo mtu aliyekaa katikati anaweza kulifanya lisiwezekane. Kwenye 465 usimbaji huanza kabla ya neno la kwanza. Mlango huo ulipewa kazi hii mwaka 1997, ukanyang'anywa muda mfupi baadaye, na mafundi wengi tukasomeshwa kwamba umepitwa na wakati. Mwaka 2018 mwongozo wa RFC 8314 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ukaurudisha na kuupendekeza. Bado nakutana na watu wanaobishana nami kwa darasa la zamani.

Kabla ya kugusa simu likaibuka jambo la aibu ndogo: hakuna aliyejua nenosiri lake. Fundi wa kwanza ndiye aliyeyaandika ndani ya simu, akaondoka nayo kichwani. Nusu siku ikaishia kuyatengeneza upya, mtu mmoja mmoja, kila mmoja lake.

Nikaweka mipangilio kwenye simu ya kijana. Ikalalamika: cheti cha seva (hati inayothibitisha kuwa seva ndiyo yenyewe) hakiaminiki. Mmoja wa ofisini, mtu mwepesi wa vidole, akachukua simu akataka kuniokoa kwa kuchagua "kubali vyeti vyote". Nikaipokonya, samahani kwa neno hilo. Chaguo hilo linaiambia simu impe nenosiri yeyote atakayesimama njiani akidai yeye ndiye seva, na njiani ni pamoja na waifai ya bure ya hoteli.

Kilichonisumbua ni kwamba kupokea hakukuwa na lalamiko la cheti, na seva ni hiyohiyo moja. Nikaitazama kwa openssl (chombo cha kukagulia vyeti) kwenye mlango 465 na kuambiwa kosa namba 21, kwamba cheti cha kwanza hakithibitishiki. Cheti cha seva hakisimami peke yake. Kimesainiwa na cheti cha kati, nacho kimesainiwa na cheti cha shina ambacho simu inacho tayari. Seva inatakiwa ikabidhi cha kwake pamoja na cha kati. Dovecot ilielekezwa kwenye faili la fullchain.pem, lenye vyote. Postfix ilielekezwa kwenye cert.pem, lenye cha kwake tu. Windows ikikosa cheti cha kati inaweza kwenda kukitafuta yenyewe mtandaoni. Android haifanyi hivyo, inakataa. Kosa la neno moja kwenye njia ya faili. Nikarekebisha, Postfix ikasoma upya, lalamiko likaisha.

Jaribio kutoka waifai ya ofisi likapita. Nikajizuia kufurahi, maana nilishajua ofisi ile ni shahidi wa aina gani. Nikarudi barazani, nikawasha bando.

554 5.7.1. Na ndani ya jibu, zen.spamhaus.org pamoja na anwani ya simu yangu.

Hili ndilo lililonichukua muda, na ndilo nimeliona likiwachanganya hata mafundi wazoefu, kwa sababu kwa wakati huo kila kitu kingine kimeshakuwa sahihi. Njia imesimbwa, cheti kizuri, nenosiri limekubaliwa, na bado mlango unafungwa usoni. Dada wa nyaraka aliposoma jina la orodha ya barua taka akashtuka: "Kwani tumeripotiwa?"

Hakuna aliyeripotiwa. Spamhaus wana orodha kadhaa zilizounganishwa kwa jina hilo moja, na mojawapo, PBL, si orodha ya wahalifu. Ni orodha ya anwani za majumbani na za simu, ambazo hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja kwenye seva za watu wengine. Ni sahihi kabisa kwamba anwani ya bando imo humo. Ukiiuliza orodha kwa kuzigeuza namba nne za anwani kinyumenyume, jibu la 127.0.0.10 au 127.0.0.11 ndilo la PBL; jibu la 127.0.0.4 ndilo la kukufanya uanze kutafuta virusi. (Usiulize kupitia seva za umma za majina kama 8.8.8.8, utajibiwa 127.255.255.254, yaani swali lako halikupokelewa, na mtu asiyejua atadhani amekutwa na hatia.) Na kuomba anwani itolewe kwenye orodha ni kuchota bahari kwa kifuu: kwenye mitandao ya simu anwani moja ya nje hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja, na kesho kijana atapata nyingine.

Kosa lilikuwa kwenye matumizi. Orodha ile inamhusu mgeni anayekuja kwenye mlango 25 akidai kuwa seva. Sisi tulikuwa tunamkagulia mwenyeji aliyekwisha kuonyesha kitambulisho. Mstari wa masharti ya wapokeaji kwenye main.cf ulisomeka kwa mpangilio huu: permit_mynetworks (ruhusu anwani zinazoaminiwa), kisha reject_rbl_client (kataa aliyemo kwenye orodha ya barua taka), kisha permit_sasl_authenticated (ruhusu aliyejitambulisha). Postfix husoma kutoka kushoto na kusimama kwenye hukumu ya kwanza. Aliye ofisini anaruhusiwa na neno la kwanza. Aliye kwenye bando halimgusi hilo, anaangukia la pili, anahukumiwa, na lile la tatu ambalo lingemwokoa halisomwi kamwe. Maneno yote matatu ni sahihi, foleni ndiyo mbaya. Na kwa mara nyingine ofisi ilikuwa imelificha, kwa sababu hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kufika kwenye neno la pili.

Nikaipa milango ya 465 na 587 masharti yake yenyewe, mafupi: aliyejitambulisha aruhusiwe, mwingine yeyote akataliwe. Spamhaus nikaiacha ikae mlango 25, pahala pake. Barazani, laini ya kwanza: imekwenda. Laini ya pili: imekwenda. Mwenye duka, aliyekuwa akinitazama nikitoka na kuingia tangu asubuhi, akaniletea kahawa bila kuulizwa.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wangeishia. Lakini anwani ya ofisi ilikuwa bado imo kwenye mynetworks, na ikibaki humo kosa lolote jipya litajificha vilevile. Nikaitoa Ijumaa kabla ya adhuhuri. Kompyuta za mezani nilikuwa nimeshazipanga upya, nikaenda kuswali nikiwa na amani. Kutoka msikitini nakuta simu sita ambazo sikuzipokea: mashine ya kudurufu, ile inayoskani nyaraka na kuzirusha kwenye barua pepe, imeacha kurusha. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Ilikuwa inatumia mlango 25 bila nenosiri tangu izaliwe, na usimbaji iliouelewa ulikuwa TLS 1.0 (toleo la zamani), ambayo RFC 8996 iliistaafisha mwaka 2021 na seva yetu haiikubali. Sikutaka kuidhoofisha seva nzima kwa ajili ya mashine moja. Nikaweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nyuma ya kabati, inapokea kutoka kwenye mashine hiyo tu, kisha inapeleka kwa seva kupitia 587 na nenosiri lake. Siyo nzuri kuitazama, waya unaning'inia, ila inafanya kazi.

Akabaki mzee dereva. Yeye alikuwa tofauti na wenzake tangu mwanzo, na ilibidi nimtenge: kwake hata kupokea kulikuwa kumekufa muda mrefu, na alikuwa akisomewa barua na vijana. Maradhi mawili hayapaswi kupewa faili moja. Simu yake ni Android 6, kioo kina ufa. Cheti cha seva kimetolewa na Let's Encrypt (watoaji wa vyeti), na shina lake, ISRG Root X1, halimo kwenye Android zilizotangulia 7.1.1. Kwa miaka kadhaa simu hizo zilibebwa na saini ya ziada ya shina la zamani, na msaada huo ulikoma Septemba 2024.

"Shikamoo mzee. Simu hii ingefaa kupumzishwa."

"Marahaba. Inapiga, inapokea, ina tochi. Ipumzike imechoka nini?"

Sikuwa na jibu la hilo. Android 6 ina faida moja: programu zake huheshimu cheti cha shina alichokiweka mwenye simu kwa mkono wake, jambo ambalo kuanzia Android 7 halifuatwi tena bila programu yenyewe kukubali. Nikakipakua kwenye kompyuta kutoka kwa wenyewe, nikahakiki alama zake, nikakihamishia kwenye simu kwa waya. Simu ikadai kwanza iwekewe namba ya siri ya kufungulia, maana bila hiyo haihifadhi cheti. Mzee hakupenda. Amekaa na simu miaka yote bila kufuli, na alitaka kujua kwa nini barua ya kazi imfungie simu yake. Tukabishana kidogo, nikashinda kwa sababu bosi alikuwa amesimama mlangoni.

Jumatatu nilifungua kumbukumbu za seva. Ule mkupuo wa jioni haukuwepo. Barua zilitawanyika mchana mzima, kila mstari una jina la aliyejitambulisha, na wa saa tatu na robo asubuhi ulikuwa wa mzee, kutoka kwenye bando, kwenda kwa dada wa nyaraka. Dada akanionyesha. Haikuwa na kichwa cha habari, ndani ina neno moja: "Imefika?"

Akamjibu imefika. Mchana mzee alipokuja ofisini kuchukua makaratasi, aliiweka simu mezani kifudifudi, na nyuma ya kava, kwa peni ya bluu na tarakimu kubwa, ameiandika ile namba ya siri.